Sifa za Bwana Kajetani

Bwana Kajetani alipanda kwenye kiti, akasoma mstari mmoja wa barua iliyotundikwa ukutani, akashuka kuuandika mezani, kisha akapanda tena. Mtu mzima na kitambi chake.

Barua ile ilikuwa ndani ya fremu yenye kioo. Alikuja nayo Songea mwaka 1986, alipohamishwa kutoka Morogoro kuja kuongoza kituo cha kilimo. Bosi wake wa zamani alikuwa amemmwagia sifa ambazo kila mgeni, hata muuza mayai, alisomewa kabla ya kukaribishwa. Sasa, miaka sita baadaye, alizihitaji kwa ajili ya Daimu.

Chuo kikuu kimoja kilikuwa kimepata ufadhili wa shahada ya pili, kikawa kila mwaka kinatafuta vijana wenye vichwa mikoani. Kila mwombaji alitakiwa kuwa na barua ya siri kutoka kwa mkuu wake. Kituoni waliomba wawili. Daimu, tangu biashara iwe ruksa, alikuwa akisaini daftari la mahudhurio asubuhi na kuondoka na robota lake la mitumba kwenda Namtumbo. Ida alifanya kazi yake, na ya Daimu, na tuseme ukweli, na ya Bwana Kajetani. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuomba, na mwakani angekuwa amevuka umri.

"Shikamoo, mzee. Safari hii utanisaidia?"

"Marahaba, mwanangu. Nitakusifia mpaka waone aibu kukukataa."

Ida alipotoka tu, mzee akamwandikia kurasa nne: mvivu, mbishi, mchelewaji, asipewe nafasi kwa hali yoyote ile. Aliandika kwa mkono, maana mashine ya chapa aliijua Ida peke yake. Daimu alipata nusu ukurasa, neno kwa neno kutoka ukutani: "Ni hazina. Hakuna kazi asiyoiweza. Tunamwachia kwa machozi." Bwana Kajetani akagonga mihuri, akaenda kula ugali wake kwa raha zote.

Miezi miwili baadaye Dokta Nassoro wa chuo kikuu alifika mwenyewe, na barua moja tu. Ida aliisoma palepale mlangoni, akakaa sakafuni, akalia kwa furaha bila kujali nani anamwona.

"Dokta, mmekosea!" Bwana Kajetani alifoka. "Mmechukua mvivu, mmeacha hazina!"

Dokta Nassoro akacheka. "Mzee, sisi tulishaungua. Mwaka wa kwanza tulichukua wale waliosifiwa sana, hakumaliza hata mmoja. Ndipo tukajiuliza: mvivu, nani atajaza kurasa nne kumzuia asiondoke? Na hizi fupi fupi, za 'hazina' na 'machozi', ni ofisi inatafuta pa kumtupia mtu iliyemchoka. Siku hizi hatuzimalizi hata kuzisoma."

Bwana Kajetani alikuwa ameinua macho ukutani.

Dokta Nassoro alitazama alikotazama yeye. Akasogeza kiti, akapanda, akaisoma barua ya kwenye fremu mpaka kwenye sahihi.

Aliposhuka, alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mzee," alisema.