Mshono wa Mkanda

Mama aliugeuza mkanda wa usalama wa kukwelea upande wa ndani, akaukwaruza mshono kwa ukucha wa kidole gumba.

Tulikuja mji huu wa milimani kutembea, mvua ikatufungia njia ya mlimani. Ndipo nikamleta kwenye ukumbi wenye ukuta wa kukwea. Tangu mlangoni aliapa hapandi hata kiti.

"Basi tukanywe chai, Mama," nikasema.

Hakunisikia. Ameshona nguo za watu miaka thelathini, na sasa alikuwa anahesabu njia za uzi.

"Wamerudia mara tatu," akamwambia mwalimu wa kukwea aliyempa mkanda. "Aliyeshona hapa hana mchezo. Haya, nifunge."

Alipovua viatu avae vya ukumbi, soksi yake moja ilikuwa imetoboka kisiginoni. Fundi mzima!

Akapanda, ulimi nje kama anapotunga uzi kwenye sindano. Huko juu akaigonga kengele ya wanaofika kileleni mpaka ukumbi mzima ukageuka. Kisha akachungulia dirishani, akasahau kushuka.

"Mama! Kuna nini?"

"Mvua imekatika!" akapiga kelele. "Mwalimu, huu mkanda usinivue. Twende nao mlimani!"