Vipande Arobaini

Mama mtafiti alizima jiko la maabara, akasubiri mvuke utoke, akafungua kifuniko cha sufuria. Bakteria wake wote walikuwa wamekufa. Hakubakiza hata tone moja la mbegu ya kuwaotesha tena, kama mkurugenzi alivyoagiza.

Aliwaokota miaka tisa nyuma kwenye tope la mfereji ambao siku hizi umefunikwa zege. Akawalisha molasi, wakanenepa, na unene wao ndio aliougeuza plastiki. Wenzake walizoea kumtania, “Wanao wamekula leo?” Naye alikuwa akijibu kwamba wameshiba kumshinda yeye.

Plastiki ilitoka nzuri. Sharti lilikuwa moja tu: ioze. Alifukia vipande arobaini nyuma ya maabara, vilivyosalia akavipanga kwenye maboksi stoo. Kwa kuwa mbwa wa mtaani hawakosekani, akamwomba mtunza bustani amwangalizie.

“Hakipotei hata kimoja, mwanangu,” mzee aliahidi.

Mzee yule alikuwa na moyo wa mzazi. Kikombe cha ofisini kilipomponyoka mama huyu kikavunjika, kesho yake alikuta kingine mahali pale pale, na hakuna aliyejitaja. Kila alipokaribia kufukua, mzee alitangulia siku moja kumlainishia udongo, asije akaumia mgongo.

Lakini kila mwezi, mwaka mzima, vilitoka vyote arobaini, laini, vizima, kama vilivyozikwa jana. Mara ya mwisho mkurugenzi alikuja kuhesabu mwenyewe. Hakugomba. Alisema tu kwamba takataka zisizooza dunia inazo za kutosha.

Sasa alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyuma, funguo za maabara mkononi. Mzee akamletea chai, akakaa kando yake. Chai ilipofika nusu, mama akamwambia kwamba kazi imefungwa, na sababu ni vile vipande.

Mzee aliweka kikombe chake chini. Alionekana ameumia.

“Wakuonee kwa mengine, mama, si kwa hilo. Ule udongo una njaa mbaya. Kila mwezi nilikuta umebakiza nyuzinyuzi tu, nikaenda stoo kukuchukulia vingine, nikavifukia pale pale. Arobaini kamili. Sikukuacha uaibike hata siku moja.”