Mwanamke wa Mirongo, Miaka Sita

Odeta alikuwa akipanga karatasi za mama yake kwenye maboksi ya kiwanda cha minofu ya samaki, ambayo bado yalinuka sangara. Gari la chuo kikuu lingekuja kuzichukua jioni, zikahifadhiwe maktabani. Mama, profesa mstaafu wa historia, alikagua kila bahasha kama anayekagua masikio ya mtoto wa shule.

Katikati ya mahojiano ya wanawake wa Nansio kulikuwa na karatasi moja iliyokunjwa peke yake.

“Mwanamke, mkazi wa Mirongo, miaka sita. Anauliza: kwa nini kaka haoshi vyombo?”

Chini yake mama alikuwa ameandika “Jibu”, kisha akaacha wazi.

“Mama! Huyu si ni mimi?”

“Nani mwingine? Ulinikazia macho mpaka nikakosa la kusema.”

Wakacheka mpaka maboksi yakatikisika.

Kutoka sebuleni kaka yake akaita, “Odeta, nimeshakula. Njoo utoe vyombo.”

Odeta akanyanyuka kwa mazoea. Mama akamshika upindo wa kanga, akamkalisha.

“Vilete mwenyewe, baba,” akamwambia mwanawe kwa upole. “Kuna swali lako huku.”

Kisha akafungua kalamu.