Nyongeza ya Chakacha

Tangu homa imwachie, Mzee Mbwana hakutaka kula kitu ila Chakacha, ile nafaka ya asubuhi ya shayiri, karanga na asali ambayo kiwanda cha mji kiliacha kuitengeneza miaka mingi iliyopita. Uji aliusukuma, supu aliisukuma. Siku ya tatu mkewe, Bi Mwanaisha, akaenda kumwita Bi Rehani, aliyekuwa akiipakia kwenye maboksi kiwandani.

Bi Rehani alikuja na sufuria yake mwenyewe. Akakaanga, akachanganya asali, akaacha ipoe, akatia maziwa.

Mzee Mbwana akatafuna polepole. "Shemeji, umejitahidi. Lakini siyo yenyewe."

Bi Mwanaisha akainamisha kichwa. Bi Rehani akacheka mpaka kanga ikamteleza.

"Ngoja! Nimekupikia ya msimamizi, aliyepima kila kitu kwa mizani. Sisi, akigeuka tu, tulitia kila boksi nyongeza, konzi nzima ya nazi iliyokaangwa. Tulijua kuna watoto wanaisubiri."

"Kumbe mlikuwa wezi!"

"Wezi wa kuongeza, shemeji."

Akakata nazi, akaikaanga hadi kingo zikawa kahawia, akatia konzi yake bila kupima. Safari hii meno ya mzee yalisikika mpaka uani. Alinyoosha bakuli tupu kwa mikono miwili, kipande cha nazi kimenasa kwenye masharubu. Bi Mwanaisha aliinua ncha ya kanga amfute, kisha akakiacha, akitazame kwanza.