Hodi ya Mzee Shekue

Magari ya umeme yalikuwa kimya mno, hata yakagonga watu. Halmashauri ikaamuru kila gari lipige hodi likipita, kwa sauti ya karani wao, Mzee Shekue, ambaye alifariki wiki ileile aliyorekodiwa.

Mjane wake, Bi Rukia, akawa anaisikia dirishani kutwa.

"Usiitikie, mama," bintiye alimwambia. "Ile ni mashine tu."

"Miaka thelathini nimemkaribisha. Leo nimnyamazie?"

Adhuhuri moja hodi zikaja tatu, mlangoni hasa. Bi Rukia akaweka chini ungo wa mchele.

"Karibu," akasema.

Bintiye akachungulia. Gari lilikuwa limesimama nje, halina dereva, mlango wazi. Kiti cha mbele kilikuwa kimebonyea, kikaanza kuinuka taratibu, kama mtu ameshuka.