Mapovu au Mwamba

Namba kwenye kipima kina ilishuka ghafla kutoka mita kumi na nane hadi mbili.

"Mapovu hayo," mume wa Rohaya alisema. "Kile kihisi nilichofunga asubuhi kiko karibu mno na pangaboi, kinasoma mapovu yake badala ya chini ya bahari. Wewe twende."

Rohaya aliushika usukani kwa mikono miwili. Moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua Sumatra ulikuwa umeifunika bahari, hata pua ya boti haikuonekana. Nyuma yake mama mkwe alikuwa amelazwa juu ya nyavu, akipumua kwa mluzi mwembamba, na hospitali ilikuwa bado ng'ambo ya pili.

"Nikipunguza mwendo mapovu yataisha, tutajua ukweli," alisema.

"Na mama je? Humsikii anavyohema?"

"Msinigombanie," mama mkwe alisema kwa shida. "Bado nipo."

Rohaya aligeuka akaitazama midomo ya mkwewe, ambayo sasa ilikuwa na rangi ya wino. Kisha akazima injini kabisa.

"Una wazimu wewe?" mumewe aliuliza.

Boti iliteleza kidogo, ikatulia. Mapovu yaliyokuwa yakichemka nyuma yalitawanyika, yakaisha. Wote wawili waliinamia kioo cha kipima kina, vichwa vyao vikikaribia kugusana.

Namba haikupanda. Ilibaki kwenye mbili, halafu ikawa moja na nusu.

Hapo ndipo walipoyasikia mawimbi yakipiga mwamba, mbele yao, karibu sana.

"Nipe pondo, niisukume boti irudi nyuma," mumewe alisema kwa sauti ndogo.