Chambo cha Kumrudisha Mume

Zuena alichovya kidole mtoni, akakitafuta kwa macho, hakukiona. Maji bado mekundu. Akarudisha minyoo kwenye kopo, akatoa kipande cha sabuni ya mche.

"Sabuni tena?" Shamimu aliuliza. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe Awadhi, na alifika pale mtoni kuosha vyombo na kuwasema watu. "Wifi, samaki unataka kumla au kumwogesha?"

"Maji yakichafuka kambare haoni, anafuata harufu. Kaka yako ndiye aliyenifundisha."

"Kaka yangu naye kafuata harufu. Sasa yuko Kwamsisi anapikiwa."

Zuena alichomeka sabuni kwenye ndoano, akatupa mshipi.

Habari hiyo kitongoji kizima, nje kidogo ya Korogwe, walikuwa nayo. Awadhi aliondoka asubuhi moja ya masika, mto umefura, akasema anakwenda Sindeni, ng'ambo ya mto, kutazama mahindi ya kununua. Alivaa shati la bluu, lile ambalo Zuena alimshonea kifungo kwa uzi mwekundu kwa sababu wa bluu ulimwishia. Akatoka kwa haraka, kama kawaida yake, mvivu wa kuzunguka darajani na mvivu wa kuaga.

Hakurudi. Ukipiga simu yake, yule mwanamke wa kwenye mtandao alikujibu kwamba hapatikani, na huyo walau alijibu kwa adabu. Kisha Gregori wa bodaboda akaapa kwamba kamwona Kwamsisi, kwa mgongo, amekaa kwa muuza vitumbua mmoja mnene. Na mgongo wa Awadhi nani asiyeujua? Ndio aliouonyesha kila alipoitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji.

Mama mkwe akatamka: mvua zikiisha, aliyeachwa arudi kwao Handeni.

Mwanamke akikimbiwa hutafuta mganga, au hutafuta wazee wake. Zuena alitafuta ndoano. Wanawake wakapata la kusema wakipepeta. Anamtaka kambare mkubwa, yule wa kwenye kina chini ya mkuyu. Atampika kwa nazi, harufu ivuke mto, ifike Kwamsisi, imkamate mtu pua. Zuena hakubisha. Alinunua hata nazi yenyewe, akaiweka mlangoni, waione vizuri.

Aliyemhurumia ni mzee Mhina, ambaye alianza kuvua mto huo meno yake yakiwa bado yote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Yanaanza kusafika haya. Sabuni sasa iache, utamfukuza. Mpe utumbo wa kuku, uliolala. Siku ya baridi mpe minyoo, uishushe mpaka chini, na usimharakishe, anakuwa mzito kama mzee. Jua likiwaka, tupa kwenye mizizi, kivulini." Akakohoa. "Lakini kama ni mboga tu, chukua donge la ugali uvue perege hapa pembeni. Mtamu, na hana fujo."

"Perege simtaki, mzee. Anakula majani. Mimi namtaka yule anayekula kila kitu."

"Basi umemtaja kambare."

Kambare wadogo aliwapata. Kila aliyempata alimpasua palepale juu ya jiwe, akakaa akitazama tumboni muda mrefu, mpaka nzi wakachoka kumsubiri. Kisha alisema, "Siye huyu," akamgawa. Mwenyewe hata mkia hakuonja. Waliokula ni wengine, na Shamimu alikuwa wa kwanza kufika na sufuria. Alimsema wifi yake huku anatoa miba kwenye meno.

"Unavyochagua!" alimwambia. "Ungemchagulia hivyo mumeo shati, asingekimbia."

Mvua zikakatika. Mama mkwe akatoa begi la Zuena uvunguni, akalipangusa vumbi, akaliegemeza ukutani.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na wingu zito na maji yalikuwa rangi ya chai. Zuena alichovya kidole, akakiona. Akaacha minyoo, akaacha sabuni. Akachukua utumbo uliolala, akausokota kwenye ndoano, akautupa chini ya mkuyu.

Mshipi ulipokaza, haukutikisika kama wa siku nyingine. Ulikwenda tu, taratibu, kama mtu anayeondoka na haoni sababu ya kukimbia. Zuena alipiga kelele. Mzee Mhina akaja akichechemea, wakavuta pamoja, kanga ikamvuka Zuena, asijali. Samaki alipotua kwenye jiwe, ndevu zake zilikuwa ndefu kama mijeledi, na kichwa kipana kuliko sinia.

Vigelegele vikapigwa. Shamimu alikuja mbio na sufuria, safari hii ile ya shughuli.

"Haya wifi! Kakune nazi sasa, mume arudi!"

Zuena alichukua kisu, akasema bismillahi, akapasua. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautuliza humo. Vigelegele vikapungua, kisha vikaisha. Alipoutoa alikuwa amefumba kiganja. Akashuka majini, akakiosha kilichokuwamo polepole, kwa ncha za vidole, kama anayemnawisha mtoto uso.

Kilikuwa kipande cha kitambaa cha bluu, na kifungo kimoja. Uzi mwekundu ulikuwa bado umekishika.

Sufuria ya Shamimu ilianguka kwenye mawe.

Zuena aliokota kanga yake, akajifunika kichwa. "Nenda kamwambie mama alirudishe begi uvunguni," alisema. "Hakuniacha. Naingia eda."